Profesa mstaafu: mhadhara wangu wa kwanza kwa wazee ulidorora. Wa pili niuandae vipi?

MstaafuFizikia aliandika:

Habari zenu wana jukwaa. Nimefundisha fizikia chuo kikuu miaka 34, nikastaafu mwaka juzi. Kazi niliyoijua maishani ni moja tu, kusimama mbele ya watu na kueleza jambo likaeleweka. Ndiyo maana kilichonipata kimenikaa rohoni wiki nzima.

Kuna kikundi cha wazee wanaokutana kila Alhamisi, wengi wao wana miaka kati ya 65 na 85. Huwa wanaalika mtu awazungumzie jambo analolijua. Mratibu wao alinipigia simu na nikakubali kabla hajamaliza kueleza. Nilichagua nyotamkia, kwa sababu sijawahi kukutana na mtu, mdogo kwa mkubwa, asiyeinua kichwa akisikia habari za nyota yenye mkia. Nikajiandaa kwa namna niliyoizoea: slaidi 52, dakika 70, na milinganyo michache ya Kepler, yule aliyeeleza kwa hesabu jinsi sayari zinavyolizunguka Jua, ambayo niliamini nimeirahisisha.

Dakika ya 20 hivi mzee mmoja wa mstari wa mbele akafumba macho. Nikadhani amelala. Baadaye mama mmoja akachukua mkoba wake, akatoka, hakurudi. Nilipomaliza nikauliza kama kuna maswali. Kimya. Wakapiga makofi ya heshima, yale ambayo kila mwalimu anayatambua. Mmoja akaja kunipa mkono, akasema, "Tunashukuru Profesa, umesoma sana." Nilichowafundisha hakukitaja.

Kuna kitu kingine naona bora nikiseme hapa. Nilipofika kwenye nyotamkia ya Halley nilieleza kwamba ilionekana 1986 na kwamba hurudi kila baada ya miaka 76 hivi, kisha nikapita haraka. Slaidi yenye mwaka wa kurudi kwake, 2061, nilikuwa nimeiondoa asubuhi ile. Niliona si vizuri kuwawekea ukutani mwaka ambao wengi wao hawataufikia. Hata mimi sitaufikia.

Usiku nililala nikiwaza wanafunzi wangu. Wale walinisikiliza kwa sababu kulikuwa na mtihani. Jambo hilo sikuwahi kulikubali mpaka siku ile. Hawa hawatafuti cheti wala alama, wametoka majumbani kwao kwa hiari kuja kusikia habari za mbinguni, na walistahili kitu bora kuliko nilichowapelekea.

Wamenialika tena mwezi ujao. Mratibu anasema nirudie mada ileile, kwani wengi "hawakuipata vizuri". Naomba mnisaidie, mnaoandaa vikao hivi, na hasa mnaovihudhuria: nilikosea wapi? Nipunguze kina cha somo? Nasita sana kuzungumza na watu wazima kama watoto wa chekechea.

---

MratibuVikao alijibu:

Shikamoo Profesa. Mimi naandaa vikao vya namna hii, huu ni mwaka wa sita. Maprofesa wengi wameteleza palepale ulipoteleza wewe, na mara nyingi kosa haliko kwenye somo. Liko kwenye sauti na mwanga.

Ulitumia kipaza sauti? Nauliza kwa sababu wahadhiri hupenda kukisogeza pembeni wakisema sauti yao inatosha. Sikio linalozeeka halipotezi sauti zote kwa pamoja. Zinazoondoka kwanza ni zile nyembamba za juu: s, sh, f, t, k, th. Irabu zinabaki. Kwa hiyo mtu anasikia kwamba unazungumza, ila hapati unachosema. Tamka "saa", "taa", "kaa", "faa" ukiwa umegeukia ukuta: kwake yote ni "aa". Inabidi abahatishe neno kutokana na maneno ya jirani, na akilipata wewe umeshavuka sentensi mbili. Hiyo ni kazi ngumu. Yule mzee wako wa mbele aliyefumba macho, usikimbilie kusema alilala. Nimewaona wengi wanaofumba macho ili nguvu yote iende masikioni.

Kupiga kelele hakusaidii, kwa sababu zinazokuzwa ni zilezile irabu ambazo tayari anazisikia. Shika kipaza sauti karibu na mdomo, uso uwaelekee wao muda wote. Ukitaka kuonyesha kitu kwenye skrini, nyamaza, onyesha, geuka, ndipo useme. Wengi wanasoma midomo bila wenyewe kujua. Usiulize "mnanisikia?", maana asiyesikia hana la kujibu na anayesikia nusu anaona haya. Na swali likitoka ukumbini, lirudie lote kwenye kipaza sauti kabla ya kulijibu, la sivyo waliokaa nyuma wanapata jibu la swali wasilolijua.

Halafu kuna kumbi zilizozungushiwa waya unaopeleka sauti kwa njia ya sumaku moja kwa moja kwenye vifaa vya kusikia vyenye sehemu ya T. Muulize mwenye ukumbi kama upo. Akisema upo, muulize kama umewashwa. Hilo la pili ndilo linalosahaulika.

Sasa macho. Jicho la mtu wa miaka 60 linafikisha nyuma yake takribani theluthi tu ya mwanga unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Mboni imekuwa ndogo, lenzi imepata umanjano. Buluu ndiyo inayoumia zaidi. Nimeona slaidi nyingi za mambo ya anga: mandhari nyeusi, maandishi ya buluu, taa zimezimwa. Ukizima taa wanakosa pia kukuona mdomo. Acha taa ziwake, weka mandhari nyeupe na herufi nyeusi kubwa. Kati ya hizo 52 chagua 10 au 12, picha moja kila slaidi na maneno mawili matatu. Kusoma huku unasikiliza ni kazi mbili kwa wakati mmoja.

Na yule mama wa mkoba: dakika 70 bila mapumziko ni nyingi. Wapo wanaotumia dawa zinazowalazimu kwenda msalani mara kwa mara. Akishatoka, kurudi ni kukatiza mbele ya projekta watu wote wakimwangalia, basi anaona bora aende zake. Weka viti vyenye mikono karibu na mlango, na utangaze mwanzoni kwamba kutoka na kurudi ni ruhusa. Zungumza dakika 35 au 40, mpumzike, kisha muda uliobaki uwe wao.

---

MstaafuFizikia alijibu:

Marahaba, na ahsante sana. Kipaza sauti kilikuwepo. Nilikisogeza pembeni nikasema sauti yangu imezoea kumbi za watu 300. Slaidi zangu ni nyeusi zenye maandishi ya buluu, na taa niliomba zizimwe. Umeeleza kana kwamba ulikuwa umekaa humo ndani.

Hayo ya saa, taa, kaa na faa nimeyajaribu na mke wangu akiwa chumba cha pili. Kati ya manne alipata moja. Nilifundisha mawimbi ya sauti kwa miaka 34.

---

MuuguziMstaafu alijibu:

Mdogo wangu Profesa, mimi nina miaka 81, ni msikilizaji wa vikao hivi tangu mume wangu alipofariki. Umeuliza kama upunguze kina. Usipunguze kina, punguza vitu. Uliwaletea nyotamkia ngapi siku ile? Kumi? Waletee moja, uwafikishe nayo mwisho.

Nikueleze inavyokuwa upande wetu wa viti. Kila anayekuja kutuzungumzia anatuletea magonjwa yetu. Shinikizo la damu, kisukari, namna ya kutoanguka bafuni. Mimi nimeuguza watu miaka 37, hayo nilikuwa nayafundisha mwenyewe. Ukikaa kwenye kiti kile kila wiki ukazungumziwa mwili wako tu, unaanza kujiona umebaki mwili tu. Ndiyo maana siku tuliyosikia anakuja mtu wa nyota, kwetu ilikuwa habari kubwa, hata kama hatukuonyesha. Nasema "tulisikia" kwa maana ya mimi na wenzangu wa kikundi cha huku kwetu; aliyekuja kwetu alikuwa mtu mwingine wa nyota, si wewe. Lakini wazee ni walewale.

Kuna profesa mmoja wa lugha, mstaafu kama wewe, alikuja kwetu bila slaidi hata moja. Alisimama akauliza: "Nani anakumbuka neno ambalo bibi yake alilitumia, na leo halisikiki tena?" Kisha akanyamaza. Wengine huuliza swali na kabla hujafungua mdomo wameshalijibu wenyewe. Huyu alingoja kwelikweli, mpaka mimi nikaanza kumwonea huruma. Elewa kwamba sisi vitu vimo ndani, ila mlango wake umekuwa mzito. Jina la mtu ninayemjua vizuri linaweza kunijia nikiwa nimeshafika nyumbani. Basi akangoja, mmoja akatoa neno, mwingine akalipinga, wa tatu akasema kwao lilikuwa na maana nyingine. Baada ya nusu saa alikuwa na ubao mzima, na ndipo akaanza kutufundisha: kwa nini neno linakufa, kwa nini lingine linabadilika maana, kwa nini watu wa sehemu mbili wanatofautiana herufi moja tu. Yalikuwa mambo magumu na hakuyalainisha. Tulimwelewa kwa sababu maneno yalikuwa yetu.

La mwisho, na hili nakwambia kama dada yako mkubwa. Ule mwaka wa 2061 urudishe. Hesabu ya kutoa tunaijua. Unapotuficha mwaka, unatuambia kwamba umetuona ni watu wa kufichwa mambo. Tumezika wazazi, tumezika wenzi, wengine tumezika watoto. Mwaka wa nyota hautatuvunja.

---

Kumbukumbu73 alijibu:

Naongeza historia kidogo, kwa kuwa jambo hili lina mizizi. Mwaka 1973 huko Toulouse, Ufaransa, Profesa Pierre Vellas alianzisha Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu, yaani umri wa baada ya kustaafu. Walimu walikuwa wa chuo, wazee walikuwa wasikilizaji, na wazo lilisambaa nchi nyingi upesi. Lilipofika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980, Peter Laslett wa Cambridge pamoja na Michael Young na Eric Midwinter waliligeuza. Wao walisema wazee wenyewe wanatosha: aliyekuwa mhandisi afundishe uhandisi leo, kesho akae kiti cha msikilizaji wakati mshonaji anafundisha. Hakuna mtihani, hakuna cheti, hakuna kuulizwa ulisoma mpaka wapi.

Mimi naipenda njia hiyo ya pili. Nadhani Profesa angeenda kama mwanachama mmoja kati ya wengine, akae nao wiki kadhaa, asikilize kwanza, ndipo siku yake ifike. Ule umbali wa "Profesa amekuja" ndio unaozaa makofi ya heshima.

---

MuuguziMstaafu alijibu:

Kumbukumbu73, kukaa nao na kuwasikiliza nakubali. Lakini mimi profesa namtaka awe profesa. Kwa wenzangu nimejifunza maisha yangu yote na bado najifunza. Siku akija mtu aliyekaa na jambo moja miaka 34, nataka aniambie alichokiona huko ndani, ambacho mimi kwa miaka niliyobakiwa nayo siwezi kukifikia peke yangu. Akijifanya sawa na mimi katika jambo lake, amenipunja.

---

MstaafuFizikia alijibu (wiki tano baadaye):

Shikamoo dada MuuguziMstaafu. Ndugu MratibuVikao na Kumbukumbu73, nawasalimu pia. Nimerudi kuwapa habari, maana ninyi ndio mliouandaa mhadhara ule.

Alhamisi tatu kabla ya siku yangu nilikwenda kukaa tu, mstari wa tatu. Nilijua majina. Nikagundua kwamba yule mzee wa mbele amekaa mbele kwa sababu sikio lake la kushoto ndilo pekee linalofanya kazi. Yule mama wa mkoba alitoka siku ile kwa sababu hasa aliyoisema Mratibu.

Siku yenyewe taa ziliwaka. Slaidi 11, nyeupe. Kipaza sauti mkononi. Nyotamkia moja, ya Halley. Nilianza na swali: nani kati yenu aliitafuta mwaka 1986? Nikanyamaza, nikahesabu moyoni. Nilifika 17 kabla mkono wa kwanza haujainuka, na niseme ukweli, mtu aliyezoea kufundisha huona sekunde 17 za kimya kama mwaka mzima.

Ilikuwa mikono minne. Yule mzee wa mbele alisimulia kwamba Aprili ile aliamka saa kumi alfajiri na mkewe, wakatoka nje wakaangalia juu mpaka shingo zikauma. Alichokiona ni kijiwingu kidogo kama pamba iliyochanwa. Mkewe alifurahi, yeye hakuamini kwamba hicho ndicho kilichotangazwa vile. Hapo fizikia yangu ikapata pa kuingia. Nilimweleza kwamba Februari 1986, nyotamkia ilipokuwa karibu kabisa na Jua na inang'aa kuliko wakati wowote, Dunia ilikuwa upande wa pili wa Jua. Tulikuwa tumesimama mahali pabaya. Mwaka 1910 watu waliiona inajaza anga, sisi tukapata kijiwingu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo hayakuwa macho yangu. Miaka yote hii nilidhani ni macho yangu."

Nilipotaja 1910 mama mwingine akaruka. Baba yake alikuwa kijana wakati huo na aliwasimulia hofu ya watu. Ni kweli, wanasayansi walikuwa wamegundua gesi yenye sumu kwenye mkia, na hesabu zilionyesha Dunia ingepita kwenye mkia huo mwezi Mei. Wapo waliouziwa vidonge vya kujikinga. Halikutokea lolote, kwa kuwa gesi ya mkia ni haba mno, karibu na utupu. Nikawaonyesha picha iliyopigwa na chombo cha angani kiitwacho Giotto kilichopita kilomita 600 hivi kutoka kwenye kiini chake Machi 1986: jiwe la barafu na vumbi, urefu wa kilomita 15, jeusi kuliko makaa. Picha hiyo tuliikalia dakika kumi. Zamani ningeipa nusu dakika.

Kisha nikafika kwenye mwaka.

Nilianza na Edmond Halley mwenyewe. Mwaka 1705 alichapisha hesabu kwamba nyotamkia za 1531, 1607 na 1682 ni moja inayorudi, na kwamba itaonekana tena karibu na 1758. Alifariki Januari 1742, ana miaka 85. Ikaja. Aliyeiona kwanza, usiku wa tarehe 25 Desemba 1758, alikuwa Johann Palitzsch, mkulima wa karibu na Dresden aliyejifundisha elimu ya nyota mwenyewe. Mzee mmoja ambaye hakuwahi kusema neno kwenye vikao vyote nilivyohudhuria aliomba nirudie jina la mkulima huyo, akaliandika.

Nikaweka slaidi ya 2061. Ukumbi ukatulia. Nilitaka kusema neno la kufariji, nikamkumbuka dada yangu wa humu ndani, nikafunga mdomo. Mama wa mkoba, aliyekaa karibu na mlango na alishatoka na kurudi mara mbili bila shida, akainua mkono. "Profesa," akasema, "huo mwaka uandike mkubwa zaidi, huku nyuma hatuuoni."

Nikaukuza mpaka ukajaza ukuta. Nikawaeleza kwamba Desemba 2023 nyotamkia hiyo ilifika mbali kabisa na Jua, ng'ambo ya njia ya sayari ya Neptuni, ikageuka. Yule mzee wa mbele akaweka mkono sikioni. "Umesema imegeuka?" Nikamrudia: imegeuka, inarudi. "Basi iko njiani," akawaambia wenzake waliokuwa nyuma yake, kwa sauti, ikawa kama yeye ndiye kipaza sauti changu.

Maswali yalichukua dakika 50. Moja sikulimaliza kwa sababu muda uliisha: kwa nini nyotamkia inapoondoka kuelekea mbali na Jua, mkia wake unatangulia mbele badala ya kubaki nyuma? Nilisema kwamba mkia husukumwa na mwanga na upepo wa Jua, kwa hiyo sikuzote hulikimbia Jua, lakini niliona nyuso hazijatosheka, na walikuwa na haki. Tutaanzia hapo Alhamisi ya pili ya mwezi ujao. Nitakwenda na feni ya mezani na utepe.

Ndugu Mratibu, ule waya wa sumaku: upo ukumbini, na haukuwa umewashwa. Msimamizi hakujua swichi yake iko wapi. Tuliikuta nyuma ya kabati.